Kazi ya ustawi wa jamii katani: mwongozo kamili, kuanzia siku ya kwanza hadi kufunga faili

Mwaka wangu wa kwanza kazini nilimkuta bibi mmoja amekaa kwenye kigoda anapepeta mchele. Niliposema nimetoka ofisi ya kata, hakuacha ungo. "Mwanangu, nimeshaandikwa mara tatu. Niandike na wewe, kisha uende zako." Alikuwa analea wajukuu wanne peke yake. Niliandika majina, nikamwambia nitarudi Jumanne ya wiki inayofuata, nikaenda. Jumanne hiyo mvua ilinyesha tangu alfajiri, nami nikafika nimeloa. Siku hiyo ndipo aliponieleza jambo ambalo wenzangu watatu hawakuambiwa: mjukuu wake mkubwa, binti wa miaka 12, hakuwa "kwa shangazi" kama alivyotuandikisha. Alikuwa anafanya kazi za ndani kwa mtu mwenye duka senta.

Maelezo yangu ya mara ya kwanza hayakuwa bora kuliko ya wale watatu. Nilichowazidi ni kwamba nilirudi siku niliyoitaja. Mengi nitakayoyaeleza hapa yamejengwa juu ya hilo, na shauri la bibi huyu, yaani kesi yake, nitalirudia kila linapofaa.

Mwongozo ni wa afisa ustawi wa jamii anayepangiwa kata kwa mara ya kwanza, Tanzania Bara. Utamfaa pia mhudumu wa kujitolea wa ngazi ya jamii, na afisa maendeleo ya jamii aliyebebeshwa kazi za ustawi kwa sababu kata yake haina afisa wa ustawi. Chuoni tulifundishwa nadharia vizuri, lakini hakuna aliyetuambia Jumatatu ya kwanza unabisha hodi mlango gani.

Hatua ya 1: Jitambulishe kwa mpangilio

Ukishapokelewa halmashauri, anzia kwa mtendaji wa kata, ukiwa na barua yako. Yeye akupeleke kwa watendaji wa mitaa au vijiji, na hao wakupeleke kwa wenyeviti na mabalozi wa nyumba kumi. Usiruke ngazi. Mwenyekiti wa kitongoji aliyekuona unaingia nyumba za watu wake bila kumpitia hatakuzuia, ila hatakuambia kitu, na yeye ndiye anayejua nyumba ipi watoto hulia usiku.

Baada ya viongozi, tembelea mwalimu mkuu wa kila shule, mganga mfawidhi wa zahanati, Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi kilicho karibu, imamu, padri na mchungaji. Ongeza mkunga wa jadi na mwenyekiti wa kijiwe cha bodaboda, kwa kuwa bodaboda humjua binti aliyesafirishwa usiku akiwa na begi. Uliza pia kama kamati ya ulinzi wa wanawake na watoto ya kata na ya mtaa ipo na ilikutana lini mara ya mwisho. Kamati hizi ziliwekwa chini ya MTAKUWWA, mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto ulioanza mwaka 2017. Kuna kata ambako zinafanya kazi, na kuna kata ambako zimebaki majina ukutani. Zikiwa zimelala, kuziamsha ni kazi yako ya miezi mitatu ya kwanza.

Kila unakokwenda, eleza kwa sentensi mbili unachofanya na usichofanya. Wengi watadhani unagawa misaada. Usipoondoa dhana hiyo mapema, kila hodi yako itahesabiwa ni mzigo wa unga uliocheleweshwa.

Hatua ya 2: Andika daftari la huduma, na hakikisha kila mstari kwa mguu wako

Chukua daftari gumu. Kwa kila huduma andika mahali, jina la mtu wa kuonana naye, simu yake, siku na saa, karatasi zinazotakiwa, na nauli ya kwenda na kurudi. Nauli watu wengi huisahau, na ndiyo inayoua rufaa nyingi, yaani kumtuma mtu kwenye huduma nyingine.

Nilijifunza kwa gharama ya mtu mwingine. Nilimwelekeza mama mwenye mtoto mwenye ulemavu wa viungo aende kliniki ya mazoezi ya viungo katika hospitali moja iliyo mbali. Alikwenda Jumatatu, akaambiwa kliniki ni Alhamisi. Nauli aliipata kwa kuuza kuku wake. Kosa lilikuwa langu, maana siku hiyo ya kliniki niliisikia kwa mtu na sikuuliza. Tangu hapo siandiki mstari ambao sijaupigia simu au kuufuata.

Mambo ambayo daftari lako lisikose: namba 116, simu ya huduma kwa mtoto, ambayo hupigwa bure. Kituo cha mkono kwa mkono kilicho karibu, ambako manusura wa ukatili hupata daktari, polisi na ushauri chini ya paa moja. Wasaidizi wa kisheria wa eneo lako, wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Mratibu wa TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini, wa halmashauri. Anayeshughulikia mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mahali pa kuandikisha vizazi, kwani watoto walio chini ya miaka 5 huandikishwa bila malipo, katika maeneo mengi kwenye ofisi ya kata au kituo cha afya. Na dirisha la ustawi wa jamii katika hospitali ya wilaya, kwa mgonjwa asiyeweza kulipa.

Hatua ya 3: Mpokee mtu kabla ya kupokea shauri

Mtu anapoingia ofisini, mara nyingi kuna watu wengine chumbani. Kata nyingi zina meza tatu ndani ya chumba kimoja. Toka naye. Kaeni chini ya mwembe ulio mbali na benchi la wanaosubiri, au omba chumba cha zahanati. Asimulie ukatili wa ndoani huku karani wa kodi anamsikiliza? Hatasimulia, au atasimulia nusu.

Kwa aliyekuzidi umri, shikamoo kwanza, hata kama yeye ndiye anayelalamikiwa. Mwite mama, baba, bibi, mzee, dada. Kumwita "mteja" mbele yake ni kumgeuza karatasi. Kisha, kabla hajaanza, mwambie ukweli kuhusu siri. Mimi husema hivi: "Utakayoniambia sitayapeleka mtaani. Lakini ukiniambia kuna mtoto anaumizwa, au mtu anataka kujidhuru au kumdhuru mwingine, nitalazimika kumwambia anayeweza kuzuia. Na wewe nitakujulisha kwanza." Usimwahidi siri kamili halafu ukaivunja, maana mtaa mzima utajua kwa jioni moja.

Swali la kwanza liwe pana: "Niambie kilichokuleta." Halafu nyamaza. Ukimya wa nusu dakika ni mrefu mno kwa afisa mgeni, naye huukimbilia na swali la pili. Uache. Usiandike wakati mtu analia, na usimuulize kwa nini hakuja mapema.

Kwa mtoto, kaa chini kufikia kimo chake, uliza kwa maneno yake, na usimrudishe kwenye simulizi ileile mara mbili. Mtoto akiulizwa na mwalimu, mtendaji, wewe, polisi na daktari, mara ya tano atabadilisha maelezo ili mumwache, kisha ataitwa mwongo. Sikiliza kidogo, cha kutosha kujua kama yuko salama leo na apelekwe wapi. Mengine waachie wanaochukua maelezo kisheria.

Hatua ya 4: Tenganisha la leo na la wiki hii

Mashauri yatakuja kwa pamoja: mgogoro wa ndoa, mzee aliyetelekezwa, matunzo ya mtoto, binti mjamzito, mgonjwa wa akili aliyefungwa kamba. Jiulize swali moja: nikisubiri hadi kesho, nani ataumia na kwa namna ambayo haitarudishika?

Ukatili wa kingono ni wa leo, tena wa saa hii. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na za kuzuia mimba ndani ya saa 120, na kila saa inayopita huzipunguzia nguvu. Mwambie asioge na asifue nguo alizovaa. Nguo ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki, kwa sababu plastiki hutunza unyevu na kuharibu ushahidi. Polisi watatoa fomu namba 3, ile PF3, lakini aliye mahututi aende hospitali kwanza, fomu ifuate. Ongozana naye. Kumwelekeza njia peke yake siku hiyo ni kumtupa.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo kazi yetu inaposhindwa mara nyingi. Utafika na kuambiwa, "Afisa, tumeshayamaliza kifamilia." Maana yake ni kwamba wazee wa pande mbili wamekaa, ng'ombe au fedha imetajwa, na mtoto aliyebakwa ameambiwa asiitie aibu nyumba. Wanaokuambia hivyo wanaweza kuwa watu wazuri waliokupa chai jana. Wajibu kwa heshima na bila kuyumba: kubaka ni kosa la jinai chini ya Kanuni ya Adhabu, iliyoongezewa makali na Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, na hakuna kikao cha ukoo chenye mamlaka ya kulifuta. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa za mtoto anayevunjiwa haki azifikishe serikali za mitaa. Mimi huwaambia pia: "Mzee, nikinyamaza, nitakuwa nimevunja sheria pamoja nanyi." Sentensi hiyo hunipunguzia uzito wa kuonekana adui, maana wanaona nami nimebanwa.

Baada ya hapo usimwache mtoto alale nyumba moja na mtuhumiwa, wala usiombe familia "imwangalie". Tafuta ndugu upande wa pili, na mjulishe afisa wa halmashauri usiku uleule.

Suluhu ina mahali pake. Mume na mke waliogombana juu ya mazao yaliyouzwa bila kushauriana, kaa nao. Wakifikia kutaka talaka, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inawataka, isipokuwa kwa sababu chache maalumu, wapite kwanza kwenye baraza la usuluhishi la ndoa, nawe uwaelekeze huko. Lakini mke aliyevimba uso hasuluhishwi na aliyempiga wakiwa wamekalishwa benchi moja.

Hatua ya 5: Nenda nyumbani kwake

Nenda kwa miguu au bodaboda ukiweza. Gari la serikali likisimama mlangoni, jioni mtaa mzima unauliza nani ana kesi. Epuka saa ya kula, ili usiwabane wasio na cha kukupa. Ukikaribishwa maji au kikombe cha uji, pokea.

Tumia macho bila kupekua. Usifunue vyungu. Uliza, "Jana mlikula nini? Na juzi?" Majibu ya siku mbili husema zaidi ya swali "mnapata chakula?" Angalia watoto wakiwa pamoja: yupi hana viatu wakati wenzake wanavyo, yupi anachota maji wakati wengine wanacheza, yupi anamtazama mkubwa kabla ya kukujibu. Mtoto aliyeletwa kulelewa kwa ndugu huonekana hapo. Tazama wanapolala, choo, umbali wa maji, dawa za mzee zimewekwa wapi. Watu wenye ulemavu na wazee wasiotoka nje uombe kuwasalimia. Mara mbili nimeambiwa nyumba ina watu watano, nikamkuta wa sita chumba cha uani.

Kabla ya kuondoka taja siku ya kurudi, na iandike mbele yao. Kama huna uhakika na Jumanne, usiseme Jumanne.

Hatua ya 6: Pangeni pamoja

Kwa yule bibi, ningeweza kumrudisha binti shule siku hiyohiyo kwa amri. Sheria ya Mtoto inaweka miaka 14 kuwa umri wa chini wa kufanya kazi, na binti alikuwa na 12. Lakini mshahara wake, shilingi 20,000 kwa mwezi, ndio ulionunua unga wa wadogo zake. Kumtoa bila kuziba pengo hilo ni kumtuma bibi amtafutie tajiri mwingine, wa mbali zaidi, ambako sitamwona.

Tuliandika mpango kwenye ukurasa mmoja, kwa maneno yake, na kila jambo likapata mtu na tarehe. Mtendaji wa mtaa na mimi tutakwenda kwa mwajiri Ijumaa: binti aondoke na malipo yake yote. Mwalimu mkuu ampokee bila kumtia aibu mstarini. Wadogo wawili, wa miaka 3 na 4, waandikishwe kuzaliwa. Baba yao, dereva wa bodaboda mji wa jirani, aitwe kuhusu matunzo. Akikubali, iandikwe na mashahidi wasaini. Akikataa, shauri liende mahakama ya watoto. Binamu wa bibi alime naye nusu eka aliyoiacha pori. Kuhusu TASAF, nilimwambia wazi kwamba kaya hutambuliwa kupitia mkutano wa hadhara wa kijiji au mtaa na kwamba sina uwezo wa kuingiza jina. Nilichoweza ni kuhakikisha anaujua mkutano utakapoitishwa.

Baba alikataa mara ya kwanza. Alikubali mara ya pili, msaidizi wa kisheria alipomweleza mahakama itamuuliza nini.

Kwa binti aliyekatishwa masomo na ujauzito, kumbuka kwamba tangu Novemba 2021 serikali inaruhusu arudi katika shule ya mfumo rasmi baada ya kujifungua. Wazazi wengi bado hawajui, na mpango wake uanze kabla hajajifungua: nani atakaa na mtoto, saa za kunyonyesha, sare.

Kumtenga mtoto na familia ni hatua ya mwisho. Ikibidi, tafuta kwanza ndugu, halafu familia ya kuaminika iliyoidhinishwa, na makao ya watoto yawe mwishoni kabisa. Uamuzi huu haufanywi na afisa wa kata peke yake. Unamhusisha afisa wa halmashauri na mahakama, na taarifa yako ndiyo itakayosomwa huko.

Hatua ya 7: Andika unachokiona, si unachokihukumu

Linganisha maelezo haya mawili.

"Mama ni mzembe, hajali watoto."

"Nilifika saa 4 asubuhi. Watoto wawili, miaka 3 na 5, walikuwa peke yao. Jiko la mkaa lilikuwa linawaka ndani. Jirani alisema mama hutoka saa 11 alfajiri kwenda sokoni na hurudi saa 6 mchana."

La kwanza linamfunga mama. La pili linaonyesha kinachotakiwa: mtu wa kukaa na watoto kwa saa saba, na jiko litoke nje. Andika siku ileile, tenganisha ulichoona na ulichoambiwa, taja nani alisema. Taarifa ya mahakamani ifuate mtindo huohuo, na pendekezo liwe mwishoni.

Faili likae kwenye kabati lenye kufuli. Picha za watoto na majina ya manusura yasipite kwenye kundi la WhatsApp la kata, hata kama kiongozi ameomba "apate taarifa kidogo". Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Na kabla ya sheria hiyo, kuna binti atakayekutana na watu sokoni kesho.

Hatua ya 8: Fuatilia rufaa hadi mwisho

Ukimpa mtu barua ya rufaa, piga simu kabla hajaondoka ili anayempokea ajue jina lake. Piga tena jioni. Alifika? Alionwa? Aliambiwa nini? Kama hakufika, usikasirike, uliza nauli, kisha mume, kisha hofu, kwa mpangilio huo. Mimi hutenga Ijumaa mchana kwa simu hizi tu, na mtendaji wangu anajua asinipangie kikao.

Hatua ya 9: Jilinde

Usiende peke yako kwenye nyumba yenye mtu mkali au mlevi. Nenda na mjumbe, na mtu ofisini ajue umekwenda wapi. Fedha ya mfukoni utatoa, sote tumetoa, lakini weka kiwango cha mwezi na usikivuke, la sivyo utaanza kuwakwepa watu wanaokuhitaji. Tafuta mwenzako wa kata ya jirani mkutane mara moja kwa mwezi mzungumze mashauri yaliyowalemea, bila kutaja majina. Ukianza kusikia habari za mtoto aliyepigwa na moyo wako haushtuki tena, mwambie msimamizi wako unahitaji kupumzika.

Hatua ya 10: Kufunga faili

Faili hufungwa pale mliyoyaandika kwenye mpango yamefanyika, na umerudi angalau mara mbili baada ya hapo bila kutangaza ukakuta bado yanaendelea. Waambie familia kwamba unafunga, na namna ya kukupata mambo yakiharibika. La bibi lilichukua miezi 14. Ziara ya mwisho nilimkuta binti anamsomea mdogo wake herufi kwa kijiti mchangani. Bibi akaniuliza, "Kwa hiyo hutakuja tena?" Nikamwambia nitapita nikienda shuleni kwao, na nimepita.

Ukihamishwa kabla mashauri hayajaisha, usiache makabidhiano kwenye karatasi tu. Mchukue anayekupokea, muende nyumba kwa nyumba kwa mashauri yaliyo wazi, umtambulishe kwa jina, na mbele ya kila familia aseme yeye mwenyewe siku atakayorudi.